Kutu Kwenye Hita ya Maji: Usikaze Kabla Hujaelewa

Mwezi wa saba mwaka jana mama alinipigia simu kutoka Iringa. Kama umewahi kuishi kule unajua mwezi wa saba ni wakati gani: bila maji ya moto, kuoga ni ujasiri.

"Mwanangu, bafuni kuna kitu," akasema. "Nikishika koki ya maji ya moto inanipiga shoti kidogo. Halafu kuna maji yanadondoka chini ya hita."

Nikamwambia: "Mama, zima swichi ya hita sasa hivi, na usiiwashe mpaka nije."

Hilo ndilo jambo pekee nililopatia. Mengine yote nilikosea, na ndiyo maana naandika makala hii.

Nilipofika nilikuta hita ya lita 50, ya kuning'iniza ukutani. Pale yanapotokea maji ya moto kulikuwa na kiungo kifupi cha chuma, kile chenye tredi pande zote mbili. Kilikuwa kimevimba kwa kutu ya kahawia. Nati ya njano iliyofungwa juu yake ilikuwa imezungukwa na unga wa kijani, na pembeni palikuwa na ukoko mweupe kama chumvi iliyoganda. Katikati ya kutu palikuwa na tundu dogo sana likirusha maji kama sindano, yakielekea kwenye mfuniko wa plastiki zinakoingilia nyaya za umeme.

Mimi, mwenye shahada ya uzamili inayohusu vyuma, nikachukua spana nikakaza. Kiungo kikakatika kama biskuti, na sikuwa nimefunga maji. Mama alikuja mbio na beseni, akaniangalia nilivyolowa, akasema: "Na shule yote hiyo!"

Baadaye, tukiwa tunakausha sakafu, aliniambia jambo lililonikaa kichwani zaidi ya aibu ile. Kiungo hicho hicho, mahali hapo hapo, kilikuwa kimebadilishwa na fundi miezi kumi na minne tu iliyopita. Kiliwekwa kipya, cha aina ile ile.

Sasa hapo ndipo sayansi inapoanza. Kwa nini kutu imechagua pale pale? Kwa nini isianze sehemu nyingine ya hita?

Kutu haili chuma ovyo ovyo, inachagua

Watu wengi tunadhani kutu ni kama uzee: chuma kikikaa sana kwenye maji, kinachoka. Kuna ukweli kidogo, ila haitoshi. Kama ingekuwa uzee tu, sehemu zote za umri mmoja zingelika sawasawa.

Kinachotokea ni kwamba umetengeneza betri bila kujua. Betri rahisi inahitaji vitu vitatu: metali mbili tofauti, kimiminika au uji unaopitisha umeme kati yake, na njia ya elektroni kupita kutoka metali moja kwenda nyingine. Angalia hita yako. Kuna chuma. Kuna brasi, ile shaba ya njano iliyochanganywa na zinki, ambayo ndiyo nati na koki nyingi. Mara nyingi ndani kuna koili yenye ganda la shaba nyekundu. Zote zinagusana, na zote zimelowa maji yenye chumvichumvi. Betri imekamilika. Tofauti ni kwamba hii haiwashi taa. Kazi yake ni kumla mmoja wa washirika wake.

Nani analiwa? Yule aliye mwepesi kuachia elektroni. Wanakemia wamezipanga metali kwa kipimo cha volti katika hali maalumu ya maabara. Kwa metali tunazokutana nazo kwenye hita, mpangilio ni huu:

- Magnesi: −2.37
- Zinki: −0.76
- Chuma: −0.44
- Shaba: +0.34

Aliye juu kwenye orodha hii anaachia elektroni kirahisi kuliko aliye chini yake. Kwenye maji ya bombani namba zenyewe hubadilika, lakini foleni kwa kawaida hubaki hivyo. Kwa hiyo ukigusanisha chuma na shaba ndani ya maji, chuma ndicho kinacholiwa. Atomu zake zinaachia elektroni na kuingia kwenye maji kama ioni, kisha zinakutana na oksijeni na kuwa ule unga wa kahawia. Shaba inakaa pembeni salama, inapokea elektroni tu.

Kuna jambo la pili ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: ukubwa. Kipande kidogo cha chuma kikiungwa na eneo kubwa la shaba au brasi, ulaji wote unaangukia kwenye kile kidogo. Ni kama mtu mmoja kubebeshwa deni la ukoo mzima. Kiungo cha mama kilikuwa na urefu wa kidole gumba. Upande mmoja kilikuwa na nati ya brasi na mpira wa kuunganishia uliosukwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Upande mwingine kulikuwa na tangi ambalo ndani limepakwa enameli, yaani chuma chake kimefunikwa. Chuma pekee kilichokuwa wazi kwenye maji kilikuwa ni hicho kidogo. Kingeponaje?

Fundisho la misumari ya meli

Jambo hili si geni. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika meli ya HMS Alarm kwa mabati ya shaba upande wa chini, ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao baharini. Wazo lilikuwa zuri, ila mabati yalipigiliwa kwa misumari ya chuma. Baada ya miaka kama miwili walipoikagua, misumari mingi ilikuwa imelika vibaya na mabati yanaanguka.

Cha kuvutia ni misumari iliyobaki mizima. Ilikuwa ni ile ambayo karatasi ya kahawia, iliyokuja imefungia mabati ya shaba, ilibaki katikati ya msumari na bati. Karatasi tu! Ilitosha kuzuia metali mbili zisigusane.

Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy akaligeuza tatizo hili likawa dawa. Alifikiri hivi: kama metali moja huliwa ili nyingine ipone, basi tuweke ya kuliwa kwa makusudi. Akafunga vipande vya chuma na zinki kwenye shaba ya meli, na shaba ikaacha kulika. Kwa bahati mbaya, shaba ilipoacha kulika iliacha pia kutoa ile sumu kidogo iliyokuwa ikifukuza viumbe vya baharini, na meli zikajaa magugu na viumbe hivyo. Jeshi la majini likaachana na mpango huo, lakini wazo la Davy halikufa.

Lipo ndani ya hita yako. Hita nyingi za tangi la chuma lenye enameli zina fimbo ya magnesi ndani, ambayo kazi yake ni kuliwa. Rudi kwenye orodha: magnesi iko mbele kabisa ya foleni. Palipo na mchubuko kwenye enameli, fimbo inaliwa badala ya tangi. Siku ikiisha, zamu ya tangi imefika. Wengi wetu tunatupa hita nzima bila kujua kwamba iliwahi kuwa na fimbo ya namna hiyo.

Kwa nini maji ya moto yana haraka zaidi

Utaona mara nyingi kiungo cha maji baridi kiko nafuu kuliko cha maji ya moto. Kuna sababu kadhaa.

Kwanza, joto huharakisha kemia. Kanuni ya jumla tunayofundishwa ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, mwendo wa mmenyuko unakaribia kuwa mara mbili. Si sheria kamili, lakini inakupa picha ya kwa nini nyuzi 60 si sawa na nyuzi 20.

Pili, chumvi. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kloridi huharibu zile tabaka nyembamba zinazozikinga metali. Ndiyo maana wenzetu wa pwani wanaotumia visima vilivyoingiliwa na maji ya bahari, kama maeneo mengi ya Dar es Salaam, wanabadilisha fitingi mara kwa mara.

Tatu, kuna kituko cha zinki. Bomba au kiungo cha chuma "cha kung'aa" kimepakwa zinki, ambayo kwa kawaida huliwa kwanza na kukikinga chuma. Lakini kwenye baadhi ya maji, joto likifika kwenye nyuzi 60 hivi, uhusiano hugeuka. Zinki hujifunika tabaka lake na kuacha kujitoa, na chuma ndicho kinachoanza kuliwa, tena kwa vitundu vitundu. Kwa hiyo kiungo kinachodumu miaka mingi kwenye maji baridi kinaweza kukuangusha haraka kwenye hita.

Jaribu mwenyewe kwa misumari mitatu

Usiniamini mimi, fanya jaribio. Chukua glasi tatu za maji, kila moja weka kijiko cha chai cha chumvi. Tafuta misumari mitatu inayofanana, isiyopakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba uliovuliwa ganda.

1. Msumari wa kwanza uache mtupu.
2. Wa pili uzungushie waya wa shaba, ubane vizuri.
3. Wa tatu uzungushie kwanza tepu ya umeme katikati, kisha zungushia waya wa shaba juu ya tepu tu, usiguse chuma.

Acha siku mbili au tatu. Yote itaanza kutu, maana chumvi na oksijeni vipo. Ila linganisha wa pili na wenzake. Huo ndio msumari wa HMS Alarm, na huo ndio uliokuwa mdomo wa hita ya mama. Tepu kwenye msumari wa tatu ni ile karatasi ya kahawia.

Kusoma rangi

Sasa chukua tochi uende kwenye hita yako. Zima umeme kwanza, hata kama unaangalia tu. Usiguse kitu kwanza. Angalia rangi.

*Kahawia au nyekundu ya matofali.* Hiyo ni kutu ya chuma. Ikiwa ni doa kavu, lisilo na michirizi, huenda ni unyevu wa bafuni tu. Ikiwa imevimba kama andazi, chuma cha chini yake kimekwisha, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka. Unene unaouona ni wa unga.

*Kijani au bluu.* Ni shaba au brasi. Kwa kawaida ina maana kuna maji yanatoka polepole sana, yanakauka kabla hayajadondoka. Hutaona tone, utaona kijani.

*Nyeupe ngumu kama ukoko wa birika.* Ni madini yaliyoachwa na maji yaliyokauka. Dondoshea siki: ikitoa povu, ujue ni kabonati. Siki haiponyi chochote hapo, ila imekuthibitishia kwamba maji yamekuwa yakipita.

*Nyeupe inayomomonyoka juu ya brasi, na brasi yenyewe imegeuka wekundu.* Hii iogope. Zinki inatoka ndani ya brasi na kuiacha shaba yenye vitundu kama sifongo. Kwa macho kiungo kina umbo lile lile, lakini nguvu imeondoka. Fitingi za bei ya chini hupata ugonjwa huu zaidi.

Ukishaona rangi, tafuta maji yanapoanzia, maana tone hudondoka mbali na lilikotoka. Kausha kila kitu kwa kitambaa, kisha funga kipande cha tishu kuzunguka kila kiungo, kimoja kimoja. Fungulia maji, umeme ukiwa bado umezimwa, subiri saa moja. Tishu iliyolowa kwanza, hasa ya juu kabisa, ndiyo yenye jibu.

Usichanganye na valvu ya usalama. Ile yenye kijiti kidogo, kwenye bomba la maji baridi, ina haki ya kudondosha matone hita inapopasha. Maji yakitoka nyuzi 20 mpaka 60 hutanuka kwa asilimia 1.5 hivi. Kwa tangi la lita 50 hiyo ni karibu robo tatu ya lita, na lazima ipate pa kwenda. Ikidondosha wakati wa kupasha tu, inafanya kazi. Ikidondosha mchana na usiku, ama imechoka ama presha ya maji yako ni kubwa mno.

Na kama maji yanatoka kwenye mwili wa tangi, au yanachuruzika kutoka ndani ya ganda huku viungo vyote ni vikavu, hapo hakuna cha kuziba. Tangi limetoboka. Nunua lingine.

Hatari tatu ambazo si za kutania

Umeme. Maji ya kawaida yanapitisha umeme, kidogo lakini yanapitisha, hata bomba likiwa la plastiki. Mama alipohisi "shoti kidogo" kwenye koki, maana yake ni kwamba umeme ulikuwa umefika kwenye maji. Hita yake haikuwa na waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Uliachwa umening'inia ndani ya mfuniko. Shoti kidogo leo haikuahidi kuwa ndogo kesho, hasa mtu akiwa amelowa na miguu iko kwenye sakafu ya maji. Ukihisi chochote, hata mtekenyo, zima kwenye breka, usiguse maji wala koki, ita fundi umeme. Usimwite fundi bomba kwanza.

Mvuke. Valvu ya usalama ikiziba kwa kutu, watu wengine huifunga kwa plagi ili "isisumbue". Tafadhali, usifanye hivyo kamwe. Kidhibiti joto kikigoma na valvu imezibwa, maji yanapita nyuzi 100 huku yamebanwa. Siku tangi likipasuka, sehemu ya yale maji hugeuka mvuke kwa ghafla, na lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Hilo ni bomu bafuni.

Kuungua. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Kiungo kilichooza kinaweza kukatika mkononi, kama changu.

Basi nifanye nini?

Nimezigawa hali tatu.

*Doa kavu, tishu haikulowa.* Safisha kwa brashi laini, piga picha, andika tarehe. Rudi baada ya miezi mitatu ulinganishe. Usikaze. Tredi iliyokaa miaka haihitaji kukazwa, na kukaza ndiko kunakoivunja.

*Tishu imelowa, au kuna kijani na ukoko mweupe unaoongezeka.* Kiungo kibadilishwe ndani ya siku chache. Mpaka hapo, hita izimwe.

*Kiungo kimevimba, kinarusha maji, kinaelekea kwenye nyaya, au kuna shoti.* Zima kwenye breka, funga maji ya kuingia kwenye hita, na usiguse mpaka mtu anayejua afike.

Kazi ya kubadilisha kwa kawaida ni ya fundi, na sikushauri uifanye mwenyewe kama hujawahi. Lakini ni vizuri ujue hatua zake ili ujue kama umepata fundi au umepata mtu mwenye spana:

1. Umeme unazimwa kwenye breka na kupimwa kwamba umekatika kweli. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi.
2. Hita inaachwa ipoe. Tangi lenye sifongo ya kuzuia joto hukaa saa nyingi, kwa hiyo zima usiku, fanya kazi asubuhi.
3. Maji ya kuingia yanafungwa, koki ya moto inafunguliwa ili presha ishuke, kisha tangi linamwagwa kwa kijiti cha valvu ya usalama huku beseni liko chini.
4. Spana mbili zinatumika. Moja inashika mdomo wa tangi usizunguke, nyingine inafungua. Anayetumia moja anaweza kuung'oa mdomo wa tangi, na hapo ndipo utanunua hita mpya. Tredi ikigoma, inalowekwa mafuta ya kulegezea kutu na kusubiriwa. Nyundo hapana.
5. Tredi za tangi zinasafishwa na kuangaliwa. Zikiwa zimeliwa, tepu haiwezi kuzirudisha.
6. Kiungo kipya kinafungwa kwa tepu nyeupe inayozungushwa kufuata upande wa kukaza.
7. Tangi linajazwa maji kabla ya kuwasha umeme. Koki ya moto inaachwa wazi mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa. Koili ikiwashwa kavu inaungua.
8. Jaribio la tishu linarudiwa mara mbili: maji yakiwa baridi, na tena baada ya kupasha, umeme ukiwa umezimwa wakati wa kukagua.

Mahali ambapo fundi wa kwanza alikosea

Hakuwa mzembe. Alifunga vizuri, na kiungo hakikuvuja kwa zaidi ya mwaka. Kosa lake ni kwamba alijibu swali la "kipi kimeoza?" badala ya "kwa nini kimeoza?" Alitoa chuma kidogo kati ya brasi na tangi, akarudisha chuma kidogo kati ya brasi na tangi. Betri ikaendelea.

Dawa ni ile karatasi ya kahawia. Kuna viungo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, vyenye plastiki au mpira ndani unaotenganisha metali mbili zisigusane. Hita nyingine hununuliwa zikiwa navyo kwenye boksi, na baadhi ya watu huvitupa wakidhani ni vifuniko vya kusafirishia. Kama hita yako ilikuja na kiungo cha plastiki kwenye mdomo wa tangi, kitumie. Kama huna, ulizia dukani kiungo cha kutenganisha metali kinachovumilia maji ya moto, maana si kila plastiki inavumilia. Na chochote utakachochagua, usiweke kipande kidogo cha chuma cha zinki katikati ya brasi.

Tahadhari moja: kiungo cha kutenganisha kinakata pia njia ya umeme kupitia bomba. Kama kuna mtu aliwahi "kutegemea bomba" kama ethi, ulinzi huo umeondoka. Hita lazima iwe na waya wake wa ethi uliofungwa na kupimwa. Mambo haya mawili yaende pamoja.

Na wakati tangi liko tupu, mwambie fundi achomoe fimbo ya magnesi muielekeze kwenye mwanga. Ikiwa zaidi ya nusu imeliwa, au unaona waya wa katikati, weka mpya. Baada ya hapo iangalie kila mwaka mmoja au miwili, mapema zaidi kama maji yako ni ya chumvi. Matangi ya chuma kisichoshika kutu mara nyingi hayana fimbo hii, kwa hiyo soma kijitabu cha hita yako kwanza.

Kwa mama

Siku mbili baadaye fundi umeme alifunga ethi na kukagua nyaya. Fundi bomba akaweka kiungo cha kutenganisha. Nilimwomba achomoe fimbo: palibaki waya mwembamba wenye mabaki ya magnesi kama punje. Tangi lilikuwa limebakiza muda mfupi tu kabla halijaanza kuliwa lenyewe.

Kile kipande kilichokatika nilikichukua. Kiko mezani kwangu maabara. Ukikitazama kwa nje unaona kutu nene, lakini ukitazama pale kilipokatika, chuma kilichokuwa bado chuma ni chembamba kama ganda la yai. Ndicho kilichokuwa kimeshikilia maji ya moto juu ya kichwa cha mama yangu, karibu na waya wa umeme usio na ethi, asubuhi zote hizo.

Juzi amenipigia tena. "Mwanangu, nimefunga tishu kama ulivyosema. Kavu." Sasa anafanya kila tarehe mosi ya mwezi, akiwa ameshazima swichi.

Na wewe je, hita yako umeiangalia lini?